Mwanamke Aliyevunja Mitungi ya Ushirika

Tarehe tatu Machi, saa mbili asubuhi, meneja wa ushirika wa wafinyanzi alimfukuza kazi Namsifu kwa kosa la kuvunja mitungi.

Hakusingiziwa. Kila mitungi ilipotoka motoni, mama huyo aliigonga mmoja mmoja kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, na ule uliotoa sauti butu akaupasua kwa jiwe. Meneja Kajiru, aliyekuwa na miezi miwili tu kazini, alihesabu kwa wiki moja akapata kumi na minne.

“Mama, mfinyanzi hulia gaeni,” alimwambia mbele ya wenzake sita. “Wewe unataka kijiji kizima kilie gaeni.”

Wenzake walicheka. Namsifu alijibu kwamba mtungi wenye ufa ukiachwa mzima, hakosekani wa kuuuza. Kajiru akawaahidi waliobaki nyongeza, kwa kuwa sasa kila mtungi ungeuzwa. Wale sita wakatazama chini.

Mwezi Aprili ushirika ulipeleka mitungi sitini ya maji ya kunywa kwenye shule ya bweni. Baada ya siku nne, kumi na tisa ilirudishwa. Ilikuwa inavuja. Mwalimu mkuu alisema asipopata maelezo kufikia Ijumaa, atarudisha yote na kununua ndoo za plastiki.

Kajiru aliwaita wafinyanzi, akataka kujua nani alifinyanga ovyo. Nakiete, mkubwa wao, alimweleza kwamba nyufa huingia motoni, hazichagui mtu. Kwa miaka tisa walimpelekea Namsifu mitungi yao kwa mikono yao wenyewe, maana hakuna aliyekuwa na moyo wa kuvunja wa kwake.

“Mbona siku ile hamkusema?”

“Ulituahidi nyongeza, baba.”

Alhamisi walimfuata wote saba shambani kwake. Kajiru aliomba msamaha. Namsifu aliendelea kupalilia maharage mpaka mwisho wa tuta, ndipo akauliza:

“Ile arobaini na mmoja iliyobaki shuleni, nani ameigonga?”

Aliweka jembe chini, na wote wakashika njia ya shuleni.

Saa tisa alasiri alikuwa shuleni. Aligonga mitungi yote mbele ya mwalimu mkuu, akavunja minane. Mwalimu mkuu alikubali kuletewa mingine ishirini na saba, kwa sharti kwamba Namsifu aigonge kwanza.

Walirudi kijijini kwa miguu. Njia nzima, hakuna hata mmoja wa wale sita aliyetembea sambamba naye.

Funzo: Thamani ya kazi haipimwi kwa vilivyouzwa tu, bali hata kwa vibovu vilivyozuiwa visiuzwe. Na anayelijua hilo akanyamaza kwa faida yake, ameshiriki kosa.