Pimbi Amtungia Kiboko Biti

Masikio yenu yako wapi?

— Yapo kichwani!

Na miguu je?

— Inawasha!

Haya, kaeni. Miguu itangoja kidogo.

Hapo kale, au tuseme majuzi, palikuwa na Pimbi. Mwili wake mdogo tu, lakini kwa kutengeneza muziki, hatari! Alikaa pangoni na kompyuta yake iliyopasuka kioo. Hana bosi, hana kampuni, anagonga vitufe: tiki-tiki-tiki, du! Tiki-tiki-tiki, du! Wanyama wakisikia tu, viuno vinaondoka vyenyewe.

Palikuwa pia na Kiboko, mwenye studio kubwa kule mtoni. Huyo hata kupiga mluzi hakujua. Kila Pimbi alipotoa biti, yaani mdundo mpya, Kiboko alikuja, akasikiliza mwanzo tu, akasema, "Hii kali! Naichukua." Kisha akanguruma jina lake juu ya mdundo huo, "Kibokoooo!" na msitu mzima ukaamini ni kazi yake. Ya kwanza ikaenda. Ya pili ikaenda. Ya tatu ilipokwenda Pimbi alilia, maana hiyo alimtungia marehemu mama yake.

"Nikinyamaza tena, jina langu limezikwa," akasema. Akapangusa machozi, akainamia kompyuta. Tiki-tiki-tiki, du! Siku tatu akatunga biti mpya, huku anacheka peke yake.

Kiboko akaja. Akasikiliza mwanzo tu: taratiiibu, tamu, ya kubembea.

"Mdogo wangu, hii kali! Naichukua."

"Chukua, bosi. Ila sikiliza mpaka mwisho."

"Mwisho wa nini? Mimi nikisikia mwanzo nimeshajua yote!"

Jumapili mchana uwanja ukafurika. Mama Kanga, msimamizi wa ngoma, akapaza sauti: "Desturi mnaijua! Mwenye biti ndiye anayefungua uwanja, peke yake, mpaka biti iishe. Akiacha kucheza kabla, si yake!"

"Ni yangu!" akanguruma Kiboko, akajitosa katikati.

Tiki... du. Tiki... du. Kiboko akazungusha kiuno, puu, puu. Wakamshangilia! Pimbi pembeni, moyo unamwenda mbio kwa furaha na hofu.

Mara biti ikakaza. Tiki-tiki, du! Kiboko naye akakaza. Ikakaza tena. Tiki-tiki-tiki, dudu! Jasho likamtiririka, vumbi likatimka tifu!

"Punguzeni!" akalia.

"Nani apunguze?" akasema Mama Kanga. "Si umeitengeneza mwenyewe?"

Kiboko akajisogeza kwa Pimbi, miguu inachezacheza. "Mdogo wangu," akanong'ona, "inaisha lini?"

"Nitajuaje, bosi? Biti ni yako."

Tikitikitikitiki-dudududu! Ulimi nje! Magoti, kutu, kutu! Kiboko akaanguka, puuu!

"Si yangu! Ya Pimbi! Na ile ya juzi ya Pimbi! Na ile ya mama yake, ya Pimbi! Zote za Pimbi! Zimeni!"

"Pimbiii!" uwanja mzima ukalipuka. Pimbi akaruka katikati, akacheza kwa raha zake. Wala hakuchoka, maana biti ilikuwa imebakiza sekunde kumi tu.

Funzo lake? Wanangu, msisikilize muziki mpaka mwisho, mtachoka bure. Na mkikua, chukueni vya wadogo bila woga, ila mjifunze kucheza kwanza.

Mimi hadithi nimeshaitua hapa. Mwenye miguu aibebe!

— Tumeibeba!