Kindi Aliyemficha Fisi

Hadithi iko mlangoni.

— Ifungulieni.

Imekuja na nani?

— Imekuja peke yake.

Basi ipeni kigoda, ikae.

Haya, imekaa. Najua mtaniambia hadithi za mchana huotesha pembe. Kama ni pembe, mimi zingekuwa zimenitoka siku nyingi. Jioni hamji, kila mtu ana kwake. Nitoe lini sasa? Acheni ziote.

Palikuwa na Kindi. Mwenyewe mdogo, mkia mkubwa kuliko mwili, na kazi yake ilikuwa mazingaombwe. Alikuwa na debe moja bovu na karanga moja. Akifika katika mji wa wanyama, ule ulio kando ya korongo kavu, alikaa uwanjani akapiga debe: ti-ti-ti, pa. Ti-ti-ti, pa. Wanyama wote wakaja mbio.

"Karanga iko mkononi?"

"Iko."

"Mnaiona?"

"Tunaiona."

Mkono wa kulia ukaruka juu, puu. Macho yote yakaruka nao.

"Iko wapi?"

"Haiko."

Kisha karanga ikatoka chini ya gamba la Mzee Kobe, au katikati ya miiba ya Mama Nungunungu, au nyuma ya sikio la Ngiri, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Nyinyi nitawaambia ilikokuwa, maana nawapenda. Ilikuwa shavuni. Kindi ana mashavu ya kuwekea akiba, mnajua. Miaka yote ile alificha karanga shavuni, la kushoto, na shavu likatuna waziwazi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuona. Wote walitazama mikono. Usoni hakutazamwa na mtu.

Mchezo ukiisha, basi. Kila mtu alishika njia yake. Mama Nungunungu aliwahesabu watoto wake, mmoja, wawili, watatu, wanne, akafunga mlango. Mtu anayeweza kupoteza karanga, walisema, hashindwi kupoteza mtoto. Mazingaombwe uwanjani ni raha, lakini nyumbani nani anayataka? Kwa hiyo Kindi hakukaribishwa. Na hakusindikizwa. Mgeni yeyote wa mji ule alisindikizwa, hata Ngiri na harufu yake, angalau mpaka njia panda. Kindi alikwenda mwenyewe na debe lake, hadi kwenye mti wake ukingoni mwa korongo. Na hili lilimuuma sana, tusifichane.

Siku moja anarudi hivyo, akasikia nyuma yake: chege, chege, chege. Kabla hajageuka, mguu umekanyaga mkia wake. Alikuwa Fisi.

Fisi huyu alikuwa na nguvu na njaa, akili alikuwa anangojea bado. Aliingia mjini akala kila kilichokuwa chunguni, na chungu akakilamba. Ila kila alipoonekana, Bi Kanga alipiga kelele, na mawe yakaanza: po, po, po. Alikuwa na nundu kichwa kizima.

"Kindi," alisema Fisi, "nikikumeza sasa hivi, nani atauliza uko wapi?"

Kindi akafikiri. Alitafuta jina. Alitaka moja tu, hata la uongo. Hakulipata, na kule kulikosa kulimuuma kuliko mguu wa Fisi.

"Hakuna, Mzee," alisema.

"Ndivyo nilivyohesabu na mimi." Fisi akafungua kinywa.

"Lakini ukinimeza mimi, umemeza na ujuzi wangu. Utatokea upande wa pili, hautakufaa kitu."

Fisi akafunga kinywa. "Ujuzi gani?"

"Wa kupoteza. Ninavyopoteza karanga, naweza kumpoteza mtu. Utapita mjini, hakuna atakayekuona. Utakula nini, Mzee, siku hakuna anayekuona?"

Udenda ukamtoka Fisi, to, to, to. "Nitaanza na wale watoto wawili wa Digidigi," alisema. "Kisha vyungu. Kisha wenye vyungu. Nipoteze leo."

"Njoo kesho asubuhi. Dawa lazima ilale kwanza."

Fisi akaondoa mguu. Kindi akarudi mjini mbio, akapiga debe: ti-ti-ti, pa. Wakaja mbio.

"Leo sina mchezo," alisema Kindi. "Leo nina ombi." Akawaeleza yote, mpaka habari ya watoto wa Digidigi. Digidigi mwenyewe akawavuta wanawe karibu. "Kuanzia kesho, siku saba, Fisi atapita hapa akidhani haonekani. Nanyi msimwone. Msimkimbie, msimtupie jiwe. Asiwepo tu."

"Bwana Kindi," alisema Mzee Kobe, "jitu kubwa vile, linanuka vile, tutawezaje kutoliona?"

"Mtaweza, Mzee wangu. Mfanyieni vile mnavyonifanyia mimi mchezo ukiisha."

Bi Kanga akatazama vidole vya miguu yake. Mzee Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba, akakaa nacho huko.

Mama Nungunungu ndiye aliyesema. "Tutafanya. Na siku Fisi akiondoka tutakupikia, tule pamoja, na tutakusindikiza mpaka mlangoni kwako. Mji mzima."

"Mpaka mlangoni?" aliuliza Kindi.

"Mpaka mlangoni, baba."

Kindi usiku ule hakulala kwa furaha. Akautazama mlango wake, akaufagia.

Asubuhi Fisi akaja, chege, chege, chege. Kindi akampaka majivu puani, akamfunika kapu kichwani, akamzungusha mara saba mpaka Fisi akayumba.

"Mzee, sikiliza mwiko. Siku saba usile cha mtu, usiguse mtu, usiseme neno. Ukivunja utaonekana hata na vipofu. Siku ya saba dawa imekomaa, kula mji utakavyo. Na mimi sitakuona, tuagane kabisa." Akalivua kapu. Akatazama huku, akatazama huku. "Mzee? Mzee Fisi?" Akapita, akamkanyaga kidole, akaenda zake akipiga mluzi.

Siku ya kwanza Fisi aliingia jikoni kwa Mama Nungunungu, akaingiza pua karibu na chungu. Mama akakoroga, koro-koro-koro, akaimba wimbo wake. Fisi akacheka kimoyomoyo. Alikwenda mbele ya Ngiri akacheza, akamtikisia makalio. Ngiri akapiga mwayo.

Siku ya pili vilevile. Fisi akafurahi, ila kidogo.

Siku ya tatu wanyama walikaa kivulini, Ngiri anasimulia kisa cha siku alipokwama shimoni. Fisi alikaa nao. Mwenyewe hakujua kisa kile, maana siku zote alipofika watu walitawanyika. Kilikuwa kisa kizuri. Wote wakacheka, na Fisi akacheka, he-he-he, akawageukia wa kulia na wa kushoto, kama mtu anavyowageukia wenzake. Hakuna uso uliomgeukia. Akanyamaza peke yake. Kisha Bi Kanga akamwaga maji machafu, mwaa, yakampata kifuani, na hakusema samahani.

Siku ya tano alisimama katikati ya njia. Watu wakampita kama wanavyopita kisiki. Fisi akajigusa nundu zake moja moja. Zilikuwa zimeanza kupona. Akatamani jiwe. Hata moja, hata dogo. Jiwe hutupiwa mtu aliyepo.

Siku ya sita alivunja mwiko. Alisimama mlangoni kwa Mzee Kobe akasema, "Hodi."

Kimya.

"Hodi."

Ndani Kobe alikuwa anatafuna mboga, kacha, kacha.

"Hodi."

Kacha, kacha, kacha. Na nyinyi mnajua tulivyolelewa: hodi tatu zisipojibiwa, unaondoka. Hata Fisi alilelewa. Akaondoka. Akajiambia, nimevunja mwiko na bado sionekani. Basi dawa imenila mimi. Sipo.

Siku ya saba, siku ya kula mji, Fisi hakwenda mjini. Alikwenda kwenye mti wa Kindi, akakaa chini.

"Kindi, nirudishe."

Kindi alikuwa tawini ameshika karanga yake. Akatazama mbali, ng'ambo ya korongo.

"Wasinipe chakula. Wanione tu. Hata wewe, niambie umeniona, nitaondoka."

Kindi aliijua sauti ile. Ilikuwa yake mwenyewe, miaka yote, ila yeye hakuwahi kuitoa mdomoni. Neno lilimfika kooni. Lakini akawakumbuka wale watoto wawili wa Digidigi, akawakumbuka na wenye mji waliosema mpaka mlangoni. Akalimeza neno. Machozi yalimtoka, akajifanya yametokana na vumbi.

Fisi alikaa mpaka jua likageuka upande. Kisha akateremka korongoni, chege, chege, akapanda ng'ambo, akapotea vichakani. Kweli kabisa safari hii.

Kindi akapiga debe mpaka likapasuka. Mji ukapika. Mji ukacheza, ngoma ikalia, Ngiri akasimulia kisa chake mara nne. Kindi akafika amechana mkia, msafi. Wakampa sahani iliyojaa pomoni. Wakampa nje, karibu na mlango.

Akala. Alipoinua kichwa, alimwona Mama Nungunungu anahesabu watoto wake. Mmoja, wawili, watatu, wanne. Digidigi naye anahesabu wake, na ni wawili tu. Na Kobe alikuwa anamnong'oneza Ngiri: aliyempoteza Fisi, na ukubwa wote ule, atashindwa nani?

Hapo nawalaumu, sitaki mumtetee mtu. Walijua kuwa hakuna dawa. Dawa ilikuwa wao wenyewe. Lakini mtu akishaogopa, hata alilolifanya kwa mkono wake hulisahau.

Kindi akasimama. "Mimi naondoka, Mama."

"Haya, baba."

"Nimesema naondoka."

"Tungekusindikiza, Bwana Kindi," alisema Mama Nungunungu, "ila naona mvua." Anga lilikuwa jeupe kama sahani. "Kesho. Kesho bila shaka."

"Bila shaka," alisema Kindi.

Akaenda. Njia ilikuwa ileile, fupi, lakini siku ile haikwisha upesi. Alifika mlangoni kwake, palipofagiwa, pasipo na alama ya mguu. Akasimama. Na ng'ambo ya korongo akasikia sauti nyembamba, ya mtu asiyetazamia jibu:

"Hodiii."

Kimya.

"Hodiii."

Kindi hakungoja ya tatu. "Karibu," alisema. Akavuka korongo, mkia juu, debe kwapani, karanga mkononi. Alimkuta Fisi amejikunja chini ya kichaka. Akamtazama kuanzia masikio mpaka kwato, kama fisi angekuwa na kwato, na akasema:

"Umekonda."

Fisi akainua kichwa. "Sema tena."

"Umekonda, Mzee. Na nundu ya kulia imepona."

Fisi akalia kama mtoto. Kindi hakujua amfanyie nini, kwa hiyo akamfanyia anachokijua.

"Karanga iko mkononi?"

"Iko," alisema Fisi, anafuta kamasi.

Mkono wa kulia ukaruka juu, puu. Lakini Fisi hakutazama mkono. Alikuwa na njaa ya siku saba ya kutazamwa, akashindwa kuondoa macho kwenye uso wa yule anayemtazama.

"Iko wapi?" aliuliza Kindi.

"Iko shavuni," alisema Fisi. "La kushoto."

Mfanya mazingaombwe akigunduliwa huona aibu, hukusanya vyombo vyake akahama. Kindi alihisi joto linaingia mwilini kama amekunywa uji.

"Kindi," alisema Fisi baadaye, kwa sababu fisi ni fisi, "nina njaa. Nikikumeza sasa hivi, nani atauliza uko wapi?"

"Wewe," alisema Kindi.

"Mimi?"

"Kesho ukiamka, nani atauliza Kindi yuko wapi? Ni wewe. Utapiga hodi, na mimi nitakuwa tumboni mwako. Nitakujibuje?"

Fisi akafikiri, na kufikiri si kazi yake, mpaka kipaji cha uso kikauma. Kisha akafunga kinywa. Akatafuna mzizi. Na Kindi alipoaga, Fisi alisimama, akabeba debe lililopasuka, akamsindikiza. Chege, chege, kupita korongo, hadi mlangoni, pale palipofagiwa. Na mpaka leo fisi hulia hodi mbali huko, na nyinyi mnafunga madirisha.

Fundisho sasa. Hadithi bila fundisho wazazi wenu watasema nimewapotezea muda. Fundisho ni hili: mtazameni mtu mikononi, usoni msimtazame. Anayepiga hodi msimjibu. Na mgeni akiaga, angalieni kama kuna mvua. Mkishika hayo matatu, mtaishi kwa amani na hakuna atakayewasumbua mpaka mnazikwa.

Hadithi inaondoka.

— Tuisindikize.

Mpaka wapi?

— Mpaka mlangoni.

Haya. Na bibi yenu naye anaondoka.

Nimesema naondoka.