Pimbi Aliyetafuta Sentensi

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni kwa nguvu, hata nyie watu wazima mliojificha nyuma. Hapa hakuna mtihani.

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na shule ya sekondari mlimani. Getini paliandikwa amri: Kiswahili mwisho hapa, ndani ni Kiingereza tu. Atakayeteleza atavaa mfupa shingoni. Fisi aliteleza siku ya kwanza, akauvaa, akautafuna, akafukuzwa. Ukaletwa mwingine.

Kidato cha nne alikuwemo Pimbi. Mfupi, hana mkia, lakini maneno! Asubuhi anakariri kamusi, jioni anakariri kamusi. Akiomba maji, sentensi yake ilikuwa ndefu mpaka kiu inapita. Mfupa haujawahi kumgusa. Ilibaki siku moja tu. Akiimaliza salama, atasoma hotuba ya mahafali, na mama yake alishautangazia mlima mzima.

Siku hiyo walisoma ufahamu. Mwalimu Korongo alisimama ubaoni kwa mguu mmoja. Digidigi, rafiki wa Pimbi wa dawati moja, alisinzia juu ya kitabu.

Sss. Sss. Pimbi akageuka. Chatu! Kichwa kiko dirishani, kinamfuata Digidigi.

"Ticha! Sneki kamu..."

"Sarufi!" akafoka Mwalimu bila kugeuka.

"Sneki iz kaming!"

"E sneki, au dhe sneki?"

Lo! Pimbi akajikuna. Nyoka mgeni ni e. Nyoka anayejulikana ni dhe. Huyu je? Mwaka jana alimmeza shangazi, basi anajulikana. Lakini hawajawahi kusalimiana, basi ni mgeni. Anawaza, sss, chatu kafika. Sasa "iz kaming" haifai, ni "haz kam". Akaanza upya. Sss, chatu kamzunguka Digidigi kiunoni. Na hiyo nayo ni wakati gani?

Digidigi akafumbua macho, pumzi imembana. Akamtazama Pimbi tu. Pimbi akaona aibu, aibu ya kweli.

"Nyoka jamani! Chatu anamuua Digidigi! Njooni!"

Darasa zima likainuka. Wa meno akang'ata, wa kwato akapiga. Mwalimu akageuka, akaona. "Mama yangu weee! Nakufa!" Kiswahili safi, tena cha kwao. Lakini mdomo wake mrefu ukamdonoa chatu jicho, kop! Chatu akalegea, akatoka alikoingilia.

Pimbi akauchukua mfupa ukutani, akajivika mwenyewe. Machozi yakamtoka.

"Ukichoka nipe na mimi," akasema Mwalimu kwa sauti ndogo. "Nimepiga kelele kukushinda."

Hotuba ya mahafali ilisomwa na Konokono, ambaye mwaka mzima hakusema neno la lugha yoyote. Nasikia bado anaisoma. Pimbi alikaa nyuma na mfupa wake, Digidigi ubavuni, mzima, anachechemea kidogo.

"Hivi," Digidigi akanong'ona, "ilikuwa e au dhe?"

"Mpaka leo sijui, ndugu yangu."

Wakacheka mpaka wakatolewa nje.

Basi, wanangu na wazazi wenu, lugha za watu tujifunze, tena kwa bidii. Lakini mwenzio akiwa hatarini, piga kelele kwa lugha iliyo mdomoni. Mimi mwenyewe niliwahi kuungua kidole nikitafuta neno la Kiingereza la "moto".

Ngano yangu inakomea hapa. Anayetaka kunisahihisha, kwanza avae mfupa.