Radhi ya Ukurasa wa Mwisho

Wapendwa, huko Marekani, enzi zile watu walisafiri kwa farasi, palikuwa na bwana mmoja aliyeanzisha gazeti. Jamani, gazeti lilivuma! Akiandika asubuhi, jioni mji mzima umeshaamini.

Siku moja akasikia kwamba mjane fulani, muoka mikate, anachanganya chokaa kwenye unga. Aliuliza? Wapi! "Lisemwalo lipo," akasema, akaibandika habari ukurasa wa kwanza kwa herufi nene kama vidole vya mtu mzima. Kufikia Jumamosi hakuna aliyegusa mkate wa yule mama. Watoto wakawa wanamzomea njiani, "Mama Chokaa! Mama Chokaa!"

Haukupita muda, ikabainika ni uongo mtupu. Bwana akasema, "Mimi mtu wa haki, nitamwomba radhi." Sasa, gazetini kwake walikuwa na desturi: kashfa hutoka mbele, radhi huenda ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo kuliko zote, kule kwenye matangazo ya dawa za farasi. Akaiweka huko, akalala usingizi mzuri.

Mama akaja ofisini. Bwana akainuka anatabasamu, akidhani ameletewa shukrani.

"Umeona, mama? Nimekusafisha jina."

"Sijaona, bwana. Nionyeshe."

Akafunua gazeti mbele ya wafanyakazi wake. Kidole kikashuka, kikapanda. Haipo. Akavaa miwani, akaanza upya. Wapanga herufi wakaacha kazi, wakawa wanamtazama. Jasho likamtoka.

"Ipo, mama. Niliiandika mwenyewe."

"Wewe uliyeiandika huioni," mama akasema taratibu. "Jirani yangu aliyeacha kununua mkate ataionaje?"

Aibu ikamshika yule bwana, akatamani ardhi ipasuke immeze. Siku zote hizo alijiona ametubu, kumbe alikuwa amejificha.

Na sisi je? Si tulimwanika dada wa watu kwenye kundi la WhatsApp? Tulipogundua tumemwonea, tukamfuata chemba, faraghani: "Samahani dada, yaishe." Yaishe kwa nani? Waliosoma yale maneno bado wanamkwepa, hata humu kanisani! Mnacheka? Mimi sicheki, naona haya. Tuliyemchafua mbele ya watu, tumsafishe mbele ya watu.

Kipaza sauti hiki hapa, kinawaka. Nani aanze?