Fisi Aliyeacha Ngozi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa zizi lisilo na nzi.

Lina nini?

Lina kimya. Sogeeni basi, na anayeogopa amshike jirani yake.

Hapo kale wanyama wadogo walifuga ng'ombe, wakamweka Fisi awe mchungaji. Msinicheke, hata mimi nilishangaa. Walipatana hivi: maziwa ni ya wenye ng'ombe, kibudu ni cha mchungaji. Ng'ombe akijifia mwenyewe, Fisi anakula.

Mwaka mzima hakufa hata ndama. Fisi akakonda kwa uaminifu wake. Ndipo akaiba dawa ya kupulizia pamba, akaimwaga yote joshoni, kwenye ule mfereji wanamoogeshwa ng'ombe kuua kupe.

Ng'ombe wa Digidigi akaogeshwa. Akatoka anatetemeka, tete-tete-tete, udenda unamchuruzika. Akafa. Fisi akala.

Ng'ombe wa Kobe akaogeshwa. Akatoka anatetemeka, tete-tete-tete, udenda unamchuruzika. Akafa. Fisi akala.

Kwa walioogeshwa kupe waliisha, kweli. Na nzi wakaisha. Ndege mla kupe alitua mgongoni mwa mmoja wao kabla hajafa, akadonoa mara moja, akaanguka, pu. Zizi likanyamaza mchana kweupe, hata mkia haukupungwa. Nikifika hapa mwili hunisisimka.

Alibaki ng'ombe mmoja, Mabaka, wa Bi Nguchiro. Watoto wake wanne waliishi kwa maziwa ya Mabaka, na kesho yake ndiyo ilikuwa zamu ya Mabaka kuogeshwa. Bi Nguchiro hakulia. Alizunguka nyuma ya zizi, akakuta ngozi mbili zimechunwa vizuri, zimetupwa. Akazitazama sana. Fisi hula ngozi, hula kwato, hula hata kamba aliyofungiwa mbuzi. Tangu lini akachuna?

Asubuhi akawaita wenzake joshoni, naye akaja akiburuta ngozi moja kwa kamba.

"Bwana mchungaji, umeisahau haki yako," akasema.

"Nimeshiba, mama," akajibu Fisi.

Hakuna aliyewahi kusikia fisi akisema neno hilo.

"Si neno," akasema Bi Nguchiro. "Aliyeshiba hana haja ya kibudu. Tangu leo mizoga yetu tutaizika."

Fisi akaitazama ngozi. Alijua kilichomo, alijua kuliko wote. Lakini nyama kuzikwa ardhini! Tamaa ikamkaba. Akang'ata kidogo pembeni. Wakamtazama tu. Akang'ata tena, akang'ata tena, hadi akaimaliza.

Kisha akaanza kucheka. Kha-kha-kha. Alicheka huku anatetemeka, tete-tete-tete, udenda unamchuruzika, macho yamekuwa madogo kama punje za ulezi. Alianguka, na kicheko kikaendelea. Halafu kikakatika.

Hakuna aliyeshangilia. Bi Nguchiro akamfungua Mabaka, akampeleka mbali na josho, akaketi kumng'oa kupe kwa meno, mmoja mmoja, siku nzima. Mdomo ulimvimba. Watoto wake walikunywa maziwa.

Ngano yangu naitua hapa, mwenye nguvu aibebe. Na fundisho lake ni hili: mchungaji wenu akisema ameshiba, mpongezeni kwa kiasi chake, wala msiende kuchungulia nyuma ya zizi.