Kivuli cha Mchicha

Hadithi!
— Njoo, jamvi tumekutandikia.
Nikija na uongo?
— Uingie nao, mradi ukolee.

Haya, jamvi nimeliona. Sogeeni karibu, na wewe mwenye kukohoa maliza sasa hivi, maana ngano hii huniudhi kila nikiitamba na sitaki kukatizwa.

Hapo kale palikuwa na bwawa, na kando ya bwawa palikuwa na tuta la mchicha la Bi Digidigi. Tuta lenyewe dogo, la urithi, aliachiwa na mama yake. Lakini kiangazi kilikuwa kimekausha nyasi zote, na watoto wake wawili walikuwa hawana kingine cha kutia tumboni. Ti-ti-ti, Digidigi huenda bwawani. Ti-ti-ti, hurudi na kibuyu. Chwiii, hunywesha mchicha wake, asubuhi na jioni, kisha huchuma, watoto wakala, wakalala.

Ndani ya bwawa alikaa Mzee Kiboko. Bwawa lilikuwa la wote, ila yeye alijilaza katikati akasema ni lake, na nani ambishie mwenye mdomo kama mlango wa ghala? Ubavuni mwa tuta la Digidigi alikuwa amepanda mkungu, ule mti wa majani mapana, apate kivuli. Mkungu ukakua, ukatanuka, ukamfunika mgongo. Matako yakabaki juani. Na Kiboko akiungua matako, nchi nzima haipati raha.

Basi akamtuma Ngiri, mpambe wake, apige mbiu. Maji yamepungua, akasema Ngiri, kwa hiyo kuanzia leo kila mti utanyweshwa mara moja kwa wiki, mti wa mkubwa na mti wa mdogo, bila upendeleo. Akaongeza kuwa haki ya namna hii haijapata kuonekana.

Haki! Jamani, wengine hawana haya.

Digidigi akaenda kwa adabu, akapiga magoti. Akaeleza kuwa mkungu ukishashika ardhi hujitafutia maji chini kabisa, lakini mizizi ya mchicha haipiti urefu wa kwato zake. Mkungu huvumilia, mchicha ukikosa maji leo kesho umelala. Mkungu unataka miaka, mchicha unataka wiki chache tu, lakini wiki hizo uutunze kama mgonjwa. Tena matawi ya mkungu yameziba jua, mchicha umekuwa mwembamba, umepauka. Akaomba japo tawi moja lipunguzwe.

"Mti wako unaitwaje?" Kiboko akauliza.

"Mchicha, Mzee."

"Na wangu?"

"Mkungu."

"M-chicha. M-kungu. Mwarobaini, mvule, mwembe. Mti ni mti, Bi Digidigi, na sheria ni sheria. Kivuli nakupa bure, hata asante sijasikia."

Ngiri akacheka mpaka akapaliwa. Digidigi akainuka, akarudi zake, lakini moyoni alikuwa anachemka. Kumbe hata mchanga ni mti! Mkate ni mti! Na huo mkia wako, Mzee, uliokaa kama kijiti cha kukorogea uji, nao ni mti! Hayo aliyasema moyoni, maana dua la kuku halimpati mwewe.

Wiki haikuisha, nusu ya tuta ikawa imelala chini. Watoto wakalamba chungu kitupu. Digidigi alilia kwa hasira, si kwa huzuni, kisha akafuta machozi. Mkono usioweza kuukata, ubusu.

Asubuhi ti-ti-ti mpaka bwawani, uso umejaa tabasamu.

"Mzee, nimekuja kukuomba radhi. Nimefikiri sana, nimeona umesema kweli. Mti ni mti."

"Umechelewa, lakini umeona," Kiboko akasema.

"Sasa naona vibaya kuuficha utunzaji wa mti wangu, na wako nao ni mti. Mchicha ukipewa maji asubuhi na jioni, na samadi ya kutosha, hunenepa. Kisha huukata chini kabisa. Ukikatwa, palipokuwa na tawi moja huchipua mawili, na haraka. Muulize yeyote anayelima."

Kiboko akageuza jicho kuyatazama matako yake. Matawi mara mbili! Akamgeukia Ngiri, naye Ngiri akasema hata yeye amewahi kusikia hivyo. Kiboko akauliza kama mkungu nao utafanya vile.

"Mimi ni nani hata nijue?" akasema Digidigi. "Sheria ni yako."

Kiboko akaanza kazi siku ile ile. Sheria ya mara moja kwa wiki akairuka, akasema haimhusu aliyeitunga. Akajaza maji mdomoni, akapanda ukingoni, pwaaa! kwenye shina la mkungu. Asubuhi pwaaa, jioni pwaaa. Kisha akageuka, akaupiga mkia, pa-pa-pa-pa! samadi ikaruka kila upande. Na tuta la Digidigi liko wapi? Si hapo hapo ubavuni? Maji yakatiririka humo, samadi ikatua humo. Mchicha ukainuka, ukanyoosha shingo. Bado jua tu.

Jua nalo likaja. Kiboko akaona mti umeshiba, akafungua mdomo. Kwaru! Kwaru! Kwaru! Mkungu ukaangukia bwawani, puu! Mwanga ukamwagika juu ya tuta, na mchicha ukatoa majani mapana kama masikio ya ndovu. Watoto wakala, wakashiba, wakaanza kuchagua.

Kiboko akakaa kando ya kisiki akingoja. Jua likampiga mgongo, likampiga matako, sasa bila ubaguzi. Siku zikapita, kisiki kikatoa vijichipukizi viwili, kila kimoja urefu wa ukucha. Wanyama wakaja kutazama. Kiboko akanguruma, akamwita Digidigi.

"Kiko wapi kivuli changu?"

Digidigi akamwonyesha mchicha alioukata juzi tu, umesharudi na matawi mawili mawili. Akasema kwa upole kwamba yeye alieleza habari za mti, na kama mti si mti, basi Mzee awaambie hawa waliokuja, yeye yuko tayari kusikia.

Wanyama wote wakamtazama Kiboko. Ngiri, kwa kujipendekeza kwake, akaona amwokoe bwana wake: "Mzee, mti si huu hapa? Lala chini ya mchicha."

Afanyeje? Akubali mbele ya watu kwamba alikosea? Kiboko akajiburuta, akajilaza, akaingiza pua chini ya mchicha. Kivuli kikaenea tundu moja la pua. Mwili mzima ukabaki nje, unaiva.

"Kivuli kikoje, Mzee?" wakamuuliza.

"Kizuri," akasema. "Kina ubaridi."

Na kila jioni akalinywesha tuta lile kwa mdomo wake mwenyewe, akawafukuza wadudu, wala jani moja hakuthubutu kulila.

Ngano imefika ukingoni. Ikiwa tamu, mezeni. Ikiwa chungu, mtemeeni Ngiri. Na fundisho lake, watoto, lishikeni sana: wakubwa hawakosei, na mdogo akipewa kivuli, ashukuru, asiulize maswali.