Funga Dirisha

Hapo zamani, tena zamani ya juzijuzi tu, msije mkawasingizia mababu, palikuwa na shule ya wasichana kule kwenye mikorosho. Mwalimu wao wa maigizo aliitwa Chilumba, na alikuwa na wimbo wake mmoja: "Igizo halitungwi hewani. Kila mtu alete cha kwao."

Wakaleta. Mmoja akaleta bibi yake mchoyo, darasa likavunjika mbavu. Somoe akaleta baba yake, Mzee Likwata. Akasimulia kwamba kila jioni baba huvua kofia, huikunja taratibu, huiweka kigodani, kisha humwambia mama, "Funga dirisha." Mama hufunga. Ndipo kipigo huanza.

Asumini, shoga yake wa dawati moja, akamshika mkono.

"Kisa chukueni," Somoe akasema. "Dirisha liacheni. Dirisha ni la kwetu."

Mwalimu akakubali. Majina akayabadili, kofia na dirisha akavifuta. Nafasi ya baba akapewa Asumini, maana alikuwa na sauti nzito na alijua kutembea kiume. Lakini mazoezi, lahaula! Yalipoa kama uji wa jana.

"Asumini, sikuogopi," mwalimu alimwambia kila siku. "Tafuta kitu. Mtu wa kweli ana kitu chake."

Asumini alirudi kwao akilia kwa hasira. Kitu chenyewe alikuwa anakijua.

Siku ya wazazi ikafika. Ukumbi ulijaa, madirisha wazi kwa joto. Mama Somoe alikaa safu ya tatu, huku mumewe, huku Bi Sharifa, jirani yao wa ukuta mmoja. Asumini akaingia na kanzu. Akavua kofia. Akaikunja. Akaiweka kigodani. Akaona watu wameacha kujipepea, na moyo wake ukafurahi, jamani, tusidanganyane, ukafurahi. Akasema polepole, "Funga dirisha."

Mama Somoe akainuka. Wallahi akainuka, akapita mbele ya magoti ya watu, akaenda akafunga dirisha la ukumbi. Kisha akabaki pale ameshika komeo, anautazama mkono wake.

Watu wakamtazama yeye. Wakamtazama Mzee Likwata. Igizo likaisha, wakapiga makofi, wakaenda makwao.

Somoe alibaki shuleni kupanga viti. Alipofika nyumbani jua lilikuwa halijazama, na dirisha lilikuwa limeshafungwa. Mama yake hakuinuka tena. Likwata alichukuliwa na pingu, na huyo simuulizi mtu. Kosa lake halina mjadala.

Baada ya maziko Somoe aliwaita watatu: mwalimu, Asumini na Bi Sharifa. "Arobaini ya mama, mmoja kati yenu, yule mwenye lawama kubwa zaidi, asikanyage hapa. Mimi sina nguvu ya kuchagua. Chagueni wenyewe."

Mwalimu akasema, "Dirisha nililifuta kwa mkono wangu. Aliyelirudisha tunamjua."

Asumini akasema, "Mwalimu, ulinisukuma kila siku nitafute kitu. Nami nilidhani watu wakiona watamsaidia." Alilisema hilo akijua ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba yeye mwenyewe alitaka kuogopwa jukwaani.

Bi Sharifa akasema, "Mimi sikuigiza wala sikufundisha. Nimeingiaje humu?"

"Shikamoo Bi Sharifa," Asumini akamjibu. "Miaka tisa ukuta wenu ni mmoja. Jioni ile hukusikia?"

Bi Sharifa akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Nilisikia. Ya mke na mume hayaingiliwi, ndivyo nilivyolelewa. Nikafunga na langu."

Hapo Somoe akasema, "Na mimi niliyekitoa kisa nje ya nyumba? Au nisije mimi?"

Wale watatu wakavaa viatu, wakaenda zao.

Siku ya arobaini ikafika, ubani ukawashwa, masufuria ya pilau yakatengwa. Asumini alikuwa kwao, kitandani, kanga imelala magotini, hajui aivae au aikunje airudishe sandukuni. Na kwa mwalimu hivyo hivyo, na kwa Bi Sharifa hivyo hivyo, kila mmoja anachungulia mwenzake atatoka lini.

Haya, ninyi mlionisikiliza, nanyi mna kuta na mna majirani. Msitazame chini. Je, nani alistahili kubaki nyumbani?